Jipu la kwato kwa farasi na punda: kuloweka, kutoboa au kupasua?

Jana jioni alirudi zizini akitembea vizuri. Leo asubuhi amesimama kwa miguu mitatu, wa nne anaugusisha chini kwa ncha tu. Wengi wakimkuta hivyo hudhani mfupa umevunjika, kumbe mara nyingi ni usaha uliobanwa ndani ya kwato. Mahali pengine mwilini jipu hupata pa kutunia. Ndani ya kwato hapana nafasi, na usaha wa kijiko kimoja tu unatosha kumfanya mnyama wa kilo 450 asikanyage.

Njia za tiba ni tatu: kuloweka na kungoja usaha utoke wenyewe, kutoboa tundu dogo unyayoni, au upasuaji wa kuondoa pembe ya kwato (ile sehemu ngumu ya nje, kama ukucha) na mfupa uliooza. Watu huchagua kwa kuogopa kisu au kwa kutazama mfuko. Sisi tunashauri uanze na maswali mawili: usaha uko wapi, na umekaa humo siku ngapi?

Usaha uko wapi

Weka vidole viwili nyuma ya kifundo kilicho juu tu ya kwato, pande zote mbili. Mnyama akiwa mzima, mapigo ya mshipa hapo husikika kwa taabu. Kukiwa na jipu, yanakugonga kidole. Pima na mguu wa pili ili ulinganishe, kisha gusa kwato zote mbili kwa kiganja uone ipi ina joto. Osha unyayo, uukwangue uchafu, halafu ubane kwa koleo la kupimia kwato, sentimita mbili mbili, ukianzia mbali na unapodhani panauma. Asiyekuwa na koleo agonge polepole kwa nyundo ndogo. Mahali pa jipu mnyama atavuta mguu, na ukirudia atavuta tena palepale.

Majipu mengi huanzia kwenye mstari mweupe, yaani pale ukuta wa kwato unapoungana na unyayo. Mchanga au kijiwe huingia, na wakati wa mvua, pembe ikiwa imelainika, huingia kirahisi zaidi. Usaha usipopata njia ya chini hupanda kati ya ukuta na nyama, ukapasukia juu penye mpaka wa nywele au nyuma penye kisigino, pengine baada ya wiki moja au mbili za maumivu. Jipu la namna hii linauma sana lakini lina mwisho mwema.

Mengine huanza kwa jeraha la unyayo, na hayo huwa karibu zaidi na mfupa wa ndani ya kwato. Ya kuogopwa kuliko yote ni tundu la msumari kwenye pembetatu laini ya katikati ya unyayo, hasa theluthi yake ya kati. Juu ya hapo kuna mshipi mnene wa kukunja mguu, kifuko cha majimaji na kiungo cha kwato. Vijidudu vikifika humo, suala la kuloweka halipo tena. Msumari ukiukuta bado umo na daktari anaweza kufika leo na mashine ya eksirei, usiung'oe. Funga vipande vya mbao kandokando yake ili asiukandamize ndani zaidi. Kama hawezi kufika, au kila hatua inauzamisha, ung'oe kwa kuufuata ulivyoingia, zungushia tundu kwa kalamu ya wino mzito, piga picha, na upime kwa rula ni milimita ngapi zilizama. Kiungo kilichoingiliwa kinahitaji kuoshwa ndani ya siku moja. Baada ya siku mbili tatu nafasi ya kupona inashuka vibaya.

Njia yoyote utakayochagua, uliza habari ya chanjo ya pepopunda kabla ya mengine. Jina lenyewe linasema: farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaopatwa na ugonjwa huo kirahisi kuliko wote, na tundu la kwato, lililofungika lisiloingia hewa, ndiyo nyumba vijidudu vyake wanayoipenda. Mnyama asiye na chanjo, au asiyejulikana, apewe kinga ya papo hapo na daktari siku hiyohiyo, na chanjo yenyewe ianzishwe: sindano mbili, kati yake wiki 4 hadi 6.

Kuloweka na kutoboa

Kuloweka kunafaa pale ambapo mahali pa jipu hapajajionyesha, au fundi wa kwato yuko mbali. Chukua kikombe kimoja hadi viwili cha chumvi ya haluli kwa lita 4 za maji ya moto ambayo mkono wako unayavumilia. Loweka dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku. Katikati yake funga pumba za ngano zilizochanganywa na chumvi hiyohiyo na maji moto, zikiwa uji mzito, ubadilishe kila baada ya saa 12. Ufungwe vizuri, maana atazila.

Ubora wa njia hii ni kwamba huwezi kumjeruhi. Udhaifu wake ni wakati. Kila siku usaha unaokosa mlango unatafuta njia yake, na si lazima iwe ile unayoitaka wewe. Tena kwato iliyolowekwa zaidi ya siku tatu mfululizo hulainika kama ukucha wa mfua nguo, na unyayo laini ni mlango wa jipu jingine.

Kutoboa ni kazi ya daktari wa mifugo au fundi wa kwato aliyezoea. Anafuata kijistari cheusi kwenye mstari mweupe kwa ncha ya kisu cha kwato, kidogo kidogo, mpaka utoke usaha wa kijivu au mweusi wenye harufu mbaya. Mara nyingi mnyama anapata nafuu kabla hujamaliza kufunga vifaa. Tundu la milimita 5 linatosha, sentimita 1 ni nyingi. Tunasisitiza ukubwa kwa sababu kosa linaloonekana sana ni kuchimba shimo la kisahani kwa hamu ya kusafisha kabisa: nyama ya ndani inachomoza kupitia shimo, inabanwa na kingo za pembe, na sasa mnyama ana kidonda cha wiki sita badala ya jipu la siku nne. Kisu kikikutana na rangi ya waridi au tone la damu bila usaha, simama. Loweka siku moja, kisha ujaribu tena.

Tundu likishatoa usaha, lioshe kwa iodini iliyozimuliwa mpaka iwe rangi ya chai ya rangi, kisha lijaze sukari nyeupe iliyokorogwa na povidoni-iodini ya asilimia 10, sukari sehemu 2 kwa iodini hiyo sehemu 1, iwe nzito kama dawa ya meno. Usimimine fomalini, mruturutu wala asidi ya betri kwenye tundu linalofika kwenye nyama hai. Vinaua nyama inayotakiwa kuota pembe mpya. Na kuchoma kwato kwa chuma cha moto, desturi ambayo bado ipo sehemu nyingi, kunafunga mlango wa usaha huku kukiongeza kidonda.

Kwa jipu la kawaida lililotobolewa, sindano za antibayotiki hazihitajiki. Dawa haifiki vizuri ndani ya usaha, na wanaoanza na penisilini kabla ya kutoboa mara nyingi hulichelewesha jipu tu.

Lini kuloweka kunakuwa kupoteza muda

Baada ya usaha kutoka, mnyama anatakiwa awe na nafuu kubwa ndani ya siku moja au mbili. Kama siku ya tatu bado anachechemea vilevile, kama usaha unaendelea kutiririka baada ya wiki, kama uvimbe umepanda juu ya kwato, ana homa, au jipu limerudi mahali palepale kwa mara ya pili au ya tatu, basi kuna kitu ndani: mfupa umeoza, gegedu la pembeni limeingiliwa, au kuna uvimbe wa pembe unaokua ndani ya ukuta na kuubana mfupa. Hapo ni eksirei, kwa daktari wa farasi mwenye mashine ya kubebeka au kwenye hospitali za mifugo za vyuo, kama Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi au ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro.

Tahadhari moja kuhusu picha. Mfupa unaooza hauonekani kwenye eksirei mapema. Huchukua wiki moja hadi mbili kabla kingo zake hazijaonekana kuliwa. Picha safi ya siku ya nne haikuambii kwamba mfupa ni mzima. Ipigwe nyingine baada ya siku 10 hivi. Anapoweza, daktari huingiza kijiti laini cha chuma kisafi kwenye tundu ndipo apige picha, ili ionekane njia ya usaha inaishia wapi.

Kisu akiwa amesimama, au nusu kaputi

Wengi hawajui kwamba upasuaji mwingi wa mfupa wa kwato hufanywa mnyama akiwa wima, kwa dawa ya kutuliza na sindano ya ganzi kwenye mishipa ya fahamu juu ya kwato.

| | Amesimama | Nusu kaputi |
|---|---|---|
| Inafaa kwa | mfupa ulioozea mbele au ukingoni, kufungua ukuta, uvimbe wa pembe | kiungo, kifuko cha majimaji, mshipi wa kukunja mguu, gegedu lililoingiliwa sana |
| Mnyama | mtulivu, aliyezoea kushikwa miguu | yeyote, hata mkali |
| Hatari kubwa | kutikisika kisu kikiwa ndani, ganzi kuisha mapema | kuamka vibaya na kuvunjika mguu |
| Mahali | banda safi, sakafu ngumu, mwanga wa kutosha | chumba cha upasuaji chenye godoro la kuamkia |

Kwa farasi, nusu kaputi si jambo dogo. Hata asiye na tatizo la tumbo, takriban 1 kati ya 100 hufa kwa sababu ya usingizi wenyewe au wakati wa kuamka. Punda huamka kwa utulivu zaidi. Hulala mpaka awe na hakika ya miguu yake. Kwa hiyo, pale ambapo tatizo linaweza kufikiwa kwa njia zote mbili, sisi tunachagua kusimama. Ila pale ambapo kiungo kimeingiliwa, usikubali kufanyiwa nusu ya kazi kwa sababu ya kuogopa usingizi.

Kazi yenyewe huanza jana yake: kwato inachongwa, inasuguliwa na kufungwa kwa shashi yenye iodini usiku kucha. Siku ya upasuaji mpira hufungwa juu ya kifundo kuzuia damu, ili daktari aone anachokata. Mfupa uliooza ni wa kijivu, laini, unakwanguka; anaukwangua mpaka afikie mgumu. Farasi mkubwa anaweza kupoteza hadi kama robo ya mfupa huo na bado akarudi kutembea sawasawa, habari ambayo humshangaza kila anayeisikia mara ya kwanza. Kabla ya kufungua ule mpira, madaktari wengi huingiza antibayotiki kwenye mshipa ulio chini yake na kuiacha dakika 20 hadi 30. Dawa hukusanyika kwenye kwato kwa wingi ambao sindano ya shingoni haiwezi kuufikia.

Baada ya kisu ndipo kazi ilipo

Upasuaji ni saa moja au mbili. Bendeji ni miezi. Tundu la unyayo hufunikwa na nyama mpya ndani ya wiki mbili hivi, na pembe ngumu huchukua miezi 3 hadi 6. Ukuta ukikatwa dirisha hukua kutoka juu kwa milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, na kwato ya farasi mbele, kuanzia kwenye nywele mpaka ncha, humaliza karibu mwaka. Anayekuambia atapandwa baada ya mwezi mmoja anakufurahisha tu.

Bendeji ya kwanza hubadilishwa siku ya pili au ya tatu, halafu kila siku 2 au 3 kukiwa kukavu, kila siku kukilowa. Unahitaji shashi safi, iodini, nepi ya mtoto ya saizi kubwa, bendeji ya kunyumbulika ya sentimita 10 na tepu nene ya kitambaa. Kata vipande 7 au 8 vya tepu vya sentimita 30, uvibandike juu ya ubao vikipandana, kisha vingine juu yake kwa kukingama, mpaka upate mraba mmoja imara. Jaza tundu kwa shashi, vuta nepi juu ya kwato, zungusha bendeji kwa muundo wa nane ukipitisha juu ya visigino, halafu mnyama akanyage katikati ya ule mraba, nawe uupandishe kandokando. Tepu isipite mpaka wa nywele: ikikaza kwenye ngozi, damu haipiti na visigino vinachubuka. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kilichofungwa kama kiatu, huongeza maisha ya bendeji kwa siku moja au mbili.

Shashi ijae, isishindiliwe. Ukishindilia, unaikandamiza nyama unayotaka iote. Harufu ikirudi, au bendeji ikilowa kwa juu, usingoje siku yake. Funza wanaingia kwenye bendeji iliyolowa ndani ya siku moja ya joto.

Mahali palipo na fundi wa vyuma, kuna njia ya pili: kiatu cha farasi chenye bamba la chuma linalofungwa kwa skrubu chini yake. Kutazama kidonda kunakuwa kazi ya dakika tano, bamba linafunguliwa, shashi inabadilishwa, linarudishwa. Ni ghali mwanzoni, lakini kwa miezi mitatu ya bendeji huwa nafuu. Kwa punda mwenye kwato ndogo, nyembamba na wima, kiatu hicho ni shida kukitengeneza na misumari haina pa kushika. Bendeji na mpira wa tairi ndiyo njia yake.

Mguu wa pili

Barbaro, farasi wa Marekani aliyeshinda mbio za Kentucky Derby za 2006, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia wiki mbili baadaye katika mbio za Preakness. Daktari Dean Richardson wa New Bolton Center, hospitali ya wanyama huko Pennsylvania, aliuunga, na mifupa ikawa inashika. Mwezi Julai kwato ya kushoto, ile iliyokuwa nzima, ikaharibika kwa kubeba uzito wa mwenzake, na karibu asilimia 80 ya ukuta wake ikabidi iondolewe. Alipumzishwa, yaani aliuawa ili asiteseke zaidi, tarehe 29 Januari 2007. Kama farasi aliyekuwa na kila kitu kinachoweza kununuliwa alipatwa na hilo, wako naye anaweza.

Kwa hiyo kila asubuhi na jioni pima mapigo ya mshipa kwenye mguu mzima, yaani ule usioumwa. Tandika maranda ya unene wa sentimita 20 au zaidi, ili alale akitaka, na ufunge sponji ngumu ya sentimita 4 chini ya kwato nzima. Maumivu yapunguzwe vya kutosha ili aanze kukanyaga mguu mgonjwa. Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaomnyima mnyama dawa ili asitembee sana. Fenilbutazoni kwa farasi wa kilo 450 huwa kama gramu 1 kila baada ya saa 12, kwa maelekezo ya daktari, wala isichanganywe na dawa nyingine ya jamii yake, maana tumbo na figo ndivyo vinavyolipa. Nyama ya mnyama aliyepewa dawa hiyo isiliwe na watu.

Punda mwili wake huitoa dawa hiyo haraka zaidi. Ukimpa mara moja kwa siku, usiku anabaki bila kitu. Naye haonyeshi. Farasi mwenye jipu hutetemeka na kutoa jasho. Punda husimama kimya, masikio yameshuka, anatafuna bila kumeza. Punda asiyekula kwa siku moja au mbili anaanza kuyeyusha mafuta ya mwili yakajaa kwenye damu, na hilo humwua upesi kuliko kwato. Mpe chochote anachokipenda, na usimtenganishe na mwenzake hata kwa siku ya upasuaji. Mwenzake asimame pale pale anapoweza kumwona. Kwa walio Lamu, kliniki ya The Donkey Sanctuary, iliyopo tangu 1987, hutibu punda bila kutoza, na watu wake wameziona kwato hizi kuliko karibu mtu mwingine yeyote pwani.

Kupasua au kumpumzisha

Zungumza na daktari kabla ya kisu na mwandike mipaka. Mfupa peke yake umeoza, mnyama anakula, analala na kuinuka mwenyewe, na yupo mtu wa kubadilisha bendeji kwa miezi mitatu: pasua. Kiungo kimeingiliwa tangu wiki iliyopita, au kwato ya pili nayo imeanza kuwa na joto: upasuaji huo mara nyingi unarefusha maumivu. Katikati ya hayo mawili kuna hali nyingi za kubahatisha, na hapo daftari linasaidia kuliko moyo. Andika kila jioni mambo manne: amekula kiasi gani, amelala saa ngapi, ameinuka kwa shida au bila, amekanyaga mguu au la. Siku tatu mbaya zikifuatana akiwa kwenye dawa kamili, mpigie daktari simu ya kuamua. Uamuzi huo usiusubirishe hadi saa nane za usiku, wakati hakuna anayeweza kuja.

Anayempenda mnyama huona kumpumzisha ni kumsaliti, na kuendelea ni uaminifu. Mnyama hajui mpango wa miezi sita. Anajua maumivu ya leo tu.

Sindano ya kumpumzisha ni tulivu na mwenyewe anaweza kumshika kichwa, lakini mzoga wake ni sumu: tai, mbwa na fisi wakiula hufa. Azikwe siku hiyohiyo, mbali na visima, na juu yake ubaki udongo wa angalau mita moja. Risasi ya mtu mwenye ujuzi ni ya papo hapo wala haiachi sumu hiyo mwilini, ingawa wengi hawawezi kuitazama, nao hawalazimiki. Kama alikuwa na mwenzake, hasa akiwa punda, mwenzake aachwe na mwili kwanza. Atanusa, pengine atausukuma kwa pua, atasimama kando. Mwenye jembe angoje mpaka aondoke mwenyewe kwenda kula.